Kazi zipo, fedha haikai: Fundi paa anakwama wapi?

Pita Chanika, Goba, Bunju au Kibaha wiki za mwisho za Februari, hutakosa kuiona nyumba ya namna hii. Kuta zimefika juu, kenchi zimesimama, papi zimepigwa upande mmoja tu. Mabati yamelazwa chini na kufunikwa turubai. Mwenye nyumba yupo hapo tangu asubuhi, anapiga simu. Fundi hapokei.

Fundi huyo haumwi wala hajasafiri. Yuko mtaa mwingine, juu ya paa la mtu mwingine, anamalizia kazi aliyolipwa Desemba. Advansi aliyoipokea kwa mwenye nyumba wa hapa ndiyo iliyowalipa vijana wake kule. Ili arudi kumaliza hapa, itabidi apatikane mteja wa tatu wa kutoa advansi nyingine.

Masika huanza Machi. Mbao za kenchi zikinyeshewa wiki kadhaa bila kufunikwa zinaanza kujikunja, na maneno kati ya watu hawa wawili yanaishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pengine kituo cha polisi.

Ni rahisi kumwita fundi huyo tapeli, na matapeli kweli wapo. Lakini katika migogoro ya aina hii utamkuta pia mtu anayeijua kazi yake barabara, mwenye wateja wengi kuliko siku alizonazo, ambaye kila mwaka yuko palepale: ngazi mbili, mashine moja ya kukatia, vijana wanaobadilika kila mwezi. Biashara yenye kazi nyingi kiasi hiki inakosa nini hata isikue?

Hatua isiyogawanyika

Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, Dar es Salaam pekee ikiwa na 5,383,728. Sensa hiyo ilihesabu pia majengo, yakafika 14,348,372. Majengo hayo yote yanahitaji paa, na paa lina umri wake.

Nyumba nyingi za watu wa kawaida hazijengwi kwa mkopo wa benki. Mtu ananunua kiwanja, anapumzika. Anachimba msingi, anapumzika mwaka. Tofali ananunua kidogo kidogo kadiri mshahara au mavuno yanavyoruhusu. Ukuta unaweza kukaa miaka miwili bila kuendelezwa, nyasi zikaota ndani, na bado haujapotea.

Kuezeka hakuna nafasi hiyo. Ukishasimamisha kenchi, lazima upige papi. Ukishapiga papi, lazima bati lipande, tena kabla ya mvua. Mbao, dawa ya mbao, misumari, bati, kofia, gata na ufundi, vyote vinadaiwa ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana mteja anayemfuata fundi paa huwa amebeba fungu kubwa la fedha kuliko yote aliyowahi kuyashika tangu aanze kujenga, na amebeba hofu inayolingana nalo.

Fundi wa kujenga ukuta hana mteja wa namna hiyo. Fundi rangi hana. Kwa haki, kazi ambayo mteja wake anakuja na fedha yote mkononi ndiyo ingetakiwa kukua haraka kuliko nyingine zote katika ujenzi.

Kazi yenyewe nayo imepanda daraja. Zamani bati lilikuwa la futi nane au kumi, fundi anaunga vipande mpaka anafika juu. Leo viwanda vinakata bati kwa urefu unaoutaka: la msauzi, la migongo mipana, la muundo wa vigae, la rangi. Fundi anapima, anaandika, mteja analipia, kiwanda kinakata. Akikosea sentimita 20 kwenye mteremko mmoja, mzigo uliokatwa kwa vipimo vyako haurudishwi dukani. Hapo swali la nani analipa hasara linafika kabla hata ya msumari wa kwanza.

Halafu kuna paa la kuficha. Mitindo ya nyumba za siku hizi imeleta kuta zinazopanda juu ya bati ili nyumba ionekane kama boksi. Bati linalazwa kwa mteremko mdogo, maji yanakusanywa kwenye gata iliyo ndani ya kuta. Gata ya paa la kawaida ikiziba, maji mengi yanadondoka nje. Ya paa hili ikiziba kwa majani, maji yanarudi ndani ya dari. Nyumba nyingi za mtindo huu zimeezekwa na watu waliojifunza kwenye mapaa ya kawaida, na malalamiko yake ni mengi. Fundi anayeweza kulikagua, kulitengeneza na kulisafisha kabla ya kila masika na vuli ana kazi isiyohitaji nyumba mpya kujengwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipo na fedha ya uhakika inayopuuzwa zaidi katika biashara hii, kwa sababu mafundi wengi wanaiona kazi ya ukarabati kuwa ya kupitisha siku.

Hesabu ya paa moja

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Tuseme fundi amekubaliana ufundi wa Sh2,000,000 kwa nyumba ya vyumba vitatu, mteja akinunua vifaa vyote.

Ana wasaidizi wawili anaowalipa Sh30,000 kwa siku kila mmoja, na vibarua wawili wa Sh15,000. Hiyo ni Sh90,000 kwa siku. Amepanga siku 10, kwa hiyo Sh900,000. Chakula na nauli za vijana Sh150,000. Kirikuu cha kubeba ngazi, milunda na mashine, kwenda na kurudi, Sh80,000. Mafuta ya jenereta, diski na misumeno Sh120,000. Jumla ametumia Sh1,250,000. Zimebaki Sh750,000.

Fundi anaona ametengeneza laki saba na nusu. Anapeleka nyumbani, analipa ada, ananunua kipande cha shamba. Hakuna aliyemwambia kwamba hesabu haijaisha.

Yeye mwenyewe amefanya kazi siku 10. Angekuwa ameajiriwa na mwingine kama fundi mkuu, tuseme angelipwa Sh40,000 kwa siku. Hiyo ni Sh400,000 ambayo ni ujira wake, si faida ya biashara. Zimebaki Sh350,000.

Siku mbili bati lilichelewa kutoka kiwandani. Vijana walikuja, walikaa, walilipwa: Sh180,000. Zimebaki Sh170,000. Miezi mitatu baadaye mteja amepiga simu, maji yanaingia pembeni ya kofia. Kwenda, kurudi, silikoni na kibarua mmoja: Sh60,000. Zimebaki Sh110,000. Mashine ya kukatia, drili na ngazi zimechakaa kwa kazi hii kama zinavyochakaa kwa kila kazi, tukadirie Sh100,000.

Zimebaki Sh10,000. Na kama mteja amezuia Sh200,000 za mwisho kwa sababu ya kule kuvuja, fundi ameezeka nyumba nzima kwa hasara ya Sh190,000 huku akiamini amepata faida.

> Fundi ameezeka nyumba nzima kwa hasara huku akiamini amepata faida.

Mtu akifanya kazi mbili za namna hii kwa mwaka anaumia kidogo. Akizifanya 15, anazama. Ndiyo maana ushauri wa kawaida anaopewa fundi, kwamba atafute wateja zaidi, ajitangaze mitandaoni, abandike picha za mapaa ya rangi, unaweza kumharibia kabisa. Wateja zaidi kwa bei mbovu ni hasara inayokuja haraka zaidi.

Bei ya ufundi wa paa hupangwa kwa njia mbili mitaani. Ya kwanza ni kutazama nyumba na kutaja namba. Ya pili ni kuuliza mwenzako alilipwa ngapi kwa nyumba inayofanana. Zote mbili zinamwacha nje yule kijana anayesubiri bati, ile safari ya kurudi kuziba, na ile miezi ya masika ambayo kazi zinapungua lakini watoto wanakula. Bei inayoweza kukuza biashara inaanzia kwenye hivyo vitu, kisha ndiyo inaongezewa faida.

Fedha ya mteja wa pili

Turudi kwenye advansi, kwa sababu hapo ndipo sifa za mafundi wengi zinapofia.

Bei ikiwa ndogo kuliko gharama, kazi inaishiwa fedha kabla ya kuisha. Fundi hatamwambia mteja kwamba alikosea bei. Ataona aibu, na mteja hataongeza. Anachofanya ni kuchukua kazi nyingine na kutumia advansi yake kumaliza ya kwanza. Kwa muda inafanya kazi. Deni linahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine bila kupungua, mpaka wiki ambayo mteja mpya hakutokea. Siku hiyo wateja watatu wanapiga simu kwa wakati mmoja.

Fundi hana mtaji wa kuanzia kazi, hilo ni kweli, na mtu asiyekuwa na mtaji hawezi kukataa advansi. Suala ni namna inavyopokelewa na mahali inapowekwa. Daftari moja kwa kila nyumba, na fedha ya nyumba hii isiguse nyumba ile. Ni kanuni nyepesi kuitaja na ngumu kuifuata, hasa Jumamosi jioni vijana wanaposubiri posho. Anayeishika miezi sita mfululizo anagundua jambo ambalo hakuna semina ya ujasiriamali ingemwonyesha: anaona kwa macho yake ni kazi ipi ilimlipa na ipi ilimla.

Malipo yenyewe yanaweza kufuata hatua ambazo mteja anaziona bila kuhitaji utaalamu. Sehemu ya kwanza mbao na vifaa vikishafika na kukaguliwa. Ya pili kenchi zikisimama na kufungwa. Ya tatu bati na kofia zikikamilika. Sehemu ndogo ya mwisho ibaki mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite, au tarehe iliyoandikwa ikifika, chochote kitakachotangulia. Ile tarehe ni muhimu kwa fundi. Bila hiyo, kazi iliyokwisha Juni itasubiri vuli ya Oktoba na mteja atakuwa ameshasahau.

Mwenye nyumba naye ana kesi

Si haki kumsikiliza fundi peke yake. Mwenye nyumba aliyeumizwa mara moja hawezi kusikia habari za gharama za fundi kusubiri bati.

Lawama yake ya kwanza ni orodha ya vifaa. Fundi anaandika mbao 200, zinatumika 160, zilizobaki hazionekani. Lawama ya pili ni cha juu: fundi anampeleka mteja duka fulani, mwenye duka anaongeza bei kidogo, ile nyongeza inarudi kwa fundi jioni. Mafundi wengine wanaitetea kwamba ndiyo malipo ya kupima na kuandika orodha, kazi ambayo mteja hailipii. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haiponyi. Mteja akishajua, na siku hizi anajua kwa kupiga simu maduka matatu, hatampeleka fundi huyo kwa ndugu yake.

Mimi naona ni heri fundi adai malipo ya kupima na kuandaa orodha, waziwazi, hata kama ni kidogo, na ayakate kwenye bei ya ufundi akipewa kazi. Atapoteza wateja wachache wanaotaka kila kitu bure. Atabaki na wale wanaoweza kumwamini na funguo za nyumba.

Upande wa pili, mteja naye anajiumiza. Ili kuokoa fedha anajinunulia mwenyewe. Analetewa paini mbichi ambayo ikikauka juu inajipinda na kuvuta misumari. Ananunua geji 32 akidhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume: kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na geji 28 ni nene kuliko 30. Likianza kubonyea na kuvuja, anayelaumiwa ni aliyepiga msumari.

Dawa ya ugomvi huu ni karatasi moja. Iseme fundi anawajibika kwa nini: kenchi kufungwa kwenye ukuta kwa nondo au mkanda wa chuma, si kwa misumari mitupu, msumari wa bati la migongo kupigwa juu ya mgongo na si bondeni yanakopita maji, misumari kuongezwa kwenye kingo na pembe, kwa kuwa huko ndiko upepo unakovuta bati kwa nguvu zaidi. Na iseme asichowajibika nacho: bati na mbao alizochagua mteja kinyume cha ushauri ulioandikwa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, watu walikumbushwa kwamba paa linaweza kung'olewa kama halikushikwa na ukuta. Kipande cha nondo kinachoachwa kwenye linta kwa ajili ya kufunga kenchi ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba.

> Mteja akishajua habari ya cha juu, hatampeleka fundi huyo kwa ndugu yake.

Fundi anayetoa karatasi hiyo bila kuombwa, yenye muda wa kurudi kuziba bure kama kosa ni lake, anaweza kutaja bei iliyo juu ya wenzake na bado akapewa kazi. Mteja mwenye hofu analipia utulivu.

Mshindani mpya dukani

Wakati mafundi wakigombania bei mitaani, baadhi ya wauzaji wa mabati wameingia katikati. Mteja anapeleka ramani, anapimiwa, anapewa makadirio yaliyochapwa, pengine anaunganishwa na mafundi wa kupandisha. ALAF, kiwanda kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, kwa miaka mingi kilikuwa karibu ndicho jina la bati kwa Watanzania wengi. Leo viwanda na wauzaji ni wengi na kila mmoja anamtafuta mteja kabla hajafika kwa fundi.

Kwa fundi mdogo huyu ni mshindani na pia ni mlango. Akiwa miongoni mwa wapandishaji wa muuzaji fulani, kazi zinakuja bila kuzitafuta na vijana wake hawakai bure. Lakini bei inapangwa na mwingine, na mteja anayebaki ni wa duka. Kama ni kupata nidhamu ya vipimo na kuishi wakati mtaji unajengeka, ni njia nzuri. Anayeifanya kuwa kazi yake yote amerudi kuwa kibarua, safari hii mwenye ngazi zake mwenyewe.

Kujisajili: mlango mwembamba

Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, la saba likiwa la chini kabisa, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Wapo pia makandarasi maalumu, wenye madaraja yao matatu. Kusajiliwa kunataka kampuni au jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, namba ya mlipakodi kutoka TRA, mtaalamu mwenye sifa zinazokubalika, vifaa, na ada za kila mwaka.

Kwa fundi aliyejifunza kwa kubeba mbao za mjomba wake, kile kipengele cha mtaalamu ndicho ukuta. Hana cheti, ingawa ameezeka nyumba nyingi kuliko mwenye cheti. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa kwa anachokijua, anapewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Ni utaratibu mzuri. Ungetangazwa kwenye maduka ya mbao na vijiwe vya mafundi, badala ya kwenye mikutano, ungewafikia wanaouhitaji.

Wenzetu Kenya wana jambo la kutazama hapa. Mamlaka yao ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inasajili makandarasi katika madaraja manane, na zaidi ya hapo inatambua pia mafundi stadi mmoja mmoja. Fundi asiyekuwa na kampuni anakuwa na kitambulisho kinachomwonyesha mteja kwamba yumo kwenye daftari. Ni ngazi ya katikati ambayo kwetu naiona inakosekana kati ya fundi wa mtaani na mkandarasi wa daraja la saba.

Kuna ubishi mwingine hapa, na pande zote mbili zina hoja. Mwaka 2021 Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu kubwa ya kazi za aina hiyo imekuwa ikifanywa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa jirani na mradi, chini ya usimamizi wa kamati na wahandisi wa halmashauri. Kwa fundi paa wa wilayani huo ulikuwa msimu wa mavuno. Makandarasi waliosajiliwa, wanaolipa ada na kodi, wamelalamika kwa miaka kwamba utaratibu huo unawanyang'anya kazi na kuwaacha wasio na dhamana yoyote wakijenga mali ya umma.

Siwezi kuwapuuza makandarasi hao. Kama asiyesajiliwa anapata kazi zilezile, kwa nini mtu ajisajili? Lakini kumfungia nje fundi wa wilayani hakutamfanya mkandarasi. Kinachoweza kumvusha ni kazi ndogo za umma zinazomtaka kila mwaka awe na kitu kimoja zaidi: mwaka huu cheti cha VETA, mwakani jina la biashara, mwaka unaofuata usajili. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Halmashauri nazo zimerejesha mwaka 2024 mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kundi la vijana watano wa kuezeka linaweza kupata mashine na ngazi kwa njia hiyo. Makundi mengi yanaomba mikopo hiyo kwa ajili ya bodaboda.

Angalizo moja kwa anayetamani kazi za Serikali: malipo huchelewa na kodi ya zuio hukatwa juu kwa juu. Fundi ambaye bado anaishi kwa advansi ya mteja wa pili akipewa paa la shule, atafilisika kabla hundi haijatoka.

Anayeanguka analipwa na nani?

Katika nchi nyingi, kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya kazini kwenye ujenzi. Kwetu fundi anatembea kwenye papi kwa kandambili, kamba ya usalama ikionekana ni ya waoga. Kijana akianguka na kuvunjika kiuno, fundi anachangisha vijiweni, anauza mashine, na biashara inaishia hapo hapo kwenye wodi.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa sheria ya 2008, na mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Anayelipa vijana wake jumla ya Sh1,200,000 kwa mwezi atachangia Sh6,000. Hata soda za vijana kwa wiki zinazidi hapo. Kinachowazuia wengi ni kwamba kusajiliwa kama mwajiri kunamaanisha kuwa na orodha ya majina na malipo, na wao hawana orodha hiyo. Inarudi kulekule kwenye daftari.

Mkanda na kamba vinanunulika, kofia ngumu na viatu pia. Bei ya paa isiyoweza kuvinunua haijakamilika, na mteja anayeikataa kwa sababu hiyo anaomba kijana wa mtu apande bila kamba ili yeye aokoe fedha.

Kundi la pili

Hata akipanga bei vizuri, akatenga fedha na kuandika mkataba, fundi mmoja na vijana wanne wana mwisho. Siku za mwaka hazizidi. Kukua kwa kweli kunaanza siku mapaa mawili yanapopandishwa kwa wakati mmoja, na kwenye moja kati ya hayo yeye hayupo.

Hapa wengi wanarudi nyuma. Kijana aliyeiva, anayeweza kupima na kuchora kenchi mchangani, ndiye huyohuyo anayeondoka na namba za wateja na kuanzisha kundi lake. Fundi mkuu anaita usaliti. Lakini mtu akimtazama kijana huyo, ataona amefanya kazi miaka minne kwa posho ya siku, ameona bei za mapaa zikitajwa mbele yake, na hajawahi kuonyeshwa njia nyingine ya kupanda zaidi ya kuondoka.

Baadhi ya mafundi wanajaribu kumzuia kwa kumficha: hapewi bei, hakutanishwi na mteja, hafundishwi kupima. Matokeo yake fundi mkuu analazimika kuwepo kila mahali, na hawezi kwenda kupima kazi mpya bila kazi ya leo kusimama.

Njia ninayoiona ina nguvu zaidi ni kumfanya msimamizi wa kundi la pili, kwa maandishi. Apate ujira wake wa siku kama kawaida, na juu yake fungu la kile kinachobaki baada ya gharama zote za paa lile, kwa daftari lililo wazi kwake. Aone bati likichelewa linakula fungu lake, aone safari ya kurudi kuziba inalikula pia. Nusu ya fungu alipwe siku ya kukabidhi nyumba. Nusu nyingine alipwe mvua kubwa zikishapita bila mwenye nyumba kupiga simu kulalamika.

Anayelipwa hivyo hupanda juu mwenyewe siku ya mwisho, akakagua kofia msumari kwa msumari kabla ngazi hazijapakiwa kwenye kirikuu. Fundi mkuu muda huo anaweza kuwa Mkuranga, anapima nyumba ya Agosti.